Imani Itiayo Mizizi Nyumbani: Habari za Ugweno na za Leipzig

Kila mwaka ifikapo Desemba, njia ipandayo kutoka Mwanga kuja Ugweno hujaa magari. Wana wa Msangeni wakaao Dar es Salaam, Arusha na Moshi hurudi kuwaona wazazi wao, na siku ya Krismasi kanisa hujaa hata wengine husimama nje. Twafurahi sana kuwaona. Lakini baada ya ibada, wazee wanapowauliza, "Huko mjini wasali usharika gani, mwanangu?" wengi hutazama chini, au hutaja kanisa walilolipita tu njiani. Kisha Januari huja, magari hushuka, na wazee hubaki wakiulizana: "Hawa tuliwabatiza, tukawapeleka darasani, wakapata kipaimara. Imekuwaje imani yao ikaishia kwenye mteremko wa Mwanga?"

Majibu ni mengi. Wengine husema kosa ni la simu. Wengine husema ni la shule zisizofundisha dini kama zamani. Wengine huulaumu mji. Sisi walimu tumeyasikia majibu haya mara nyingi, wala hatusemi kwamba ni ya uongo. Lakini twaona kwamba kabla ya kumlaumu mtu yatupasa kutazama nyuma. Maana chini ya malalamiko haya yote liko swali moja la zamani: Ni nani mwenye kazi ya kumfundisha mtoto mambo ya Mungu? Katika milima hii ya Upare swali hilo limejibiwa kwa namna mbalimbali, na kila jibu limezaa matunda yake.

Zamani, kabla Injili haijafika, Ugweno ilikuwa nchi yenye mfalme na mabaraza. Profesa Isaria Kimambo, mwana wa Upare, ameandika habari zake katika kitabu cha historia ya Wapare kilichotolewa mwaka 1969. Aeleza kwamba kwanza walitawala Washana, ukoo wa wahunzi, kisha Wasuya wakawaondoa. Na Mranga, mwana wa Angovi, akumbukwa kuwa ndiye aliyeitengeneza nchi upya. Katika mambo aliyoyatengeneza, moja ni mshitu. Neno hili maana yake ni msitu, lakini kwa wazee wetu lilikuwa zaidi ya miti. Ndiko walikokusanywa vijana wa kiume, wakakaa chini ya wazee, wakafundishwa desturi za nchi, heshima na uvumilivu, pamoja na siri ambazo mtu asiyepita huko hakuzijua.

Hatuandiki haya kwa kutamani mshitu urudi. Yalikuwamo mambo ambayo Mkristo hawezi kuyashika, nao waliobatizwa kwanza walikuwa na sababu ya kujitenga nayo. Lakini jambo moja yatupasa kulikiri. Wazee wale hawakumwacha kijana ajifundishe mwenyewe. Nchi yote ilijua ni wakati gani wa kufundishwa, na kijana atokapo huko ajue nini. Nao waliofundisha hawakuwa watu wa kupita. Walikuwa wazee wa nchi yake mwenyewe, ambao angeonana nao njiani na barazani mpaka mwisho wa maisha yao. Walichomwambia msituni, aliweza kuwatazama na kuona kama wao wenyewe wanakishika.

Mwaka 1900 wamishenari wa Misioni ya Leipzig, waliokuwa wamekwisha kuanza kazi Machame mwaka 1893, walifungua kituo Shigatini, katika Upare ya Kaskazini. Baadaye vikaja vituo vya Upare ya Kusini: Gonja, Vudee na Mbaga. Mwaka 1903 Waadventista Wasabato nao walifika Upare ya Kusini, wakajenga Giti. Mmoja wa wamishenari wao, Ernst Kotz, alitunga sarufi ya Chasu iliyopigwa chapa mwaka 1909. Na Jakob Dannholz, wa Misioni ya Leipzig, aliyekaa Mbaga, aliandika kwa urefu juu ya desturi na imani za wazee wetu. Basi wageni hawa, pamoja na makosa yao, walijitahidi kujifunza kabla ya kufundisha.

Kila walipokaa walijenga shule. Katika nchi nyingi za Afrika Mashariki siku zile kusoma na kuamini vilikwenda pamoja, hata Mkristo akaitwa msomaji. Mwaka 1912 chuo cha walimu kikawekwa Marangu, na vijana wakatoka huko na chaki mkono mmoja na Maandiko mkono wa pili. Siku za juma mwalimu alifundisha herufi na hesabu; Jumapili yeye yule alisimama mbele ya watu akahubiri. Mtoto aliyekwenda shule alikwenda kanisani, maana vilikuwa nyumba moja.

Twamshukuru Mungu kwa shule zile. Bila hizo hata gazeti hili lisingekuwa na msomaji. Lakini pamoja na baraka hiyo liliingia jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Baba aliyemtoa mwanawe katika njia ya mshitu alimpeleka shuleni, akadhani amekwisha kuitimiza kazi yake. Zamani waliofundisha walikuwa wazee wenzake; sasa alifundisha mwalimu. Na baba mwenyewe, ambaye labda hakujua kusoma, aliona haya kufungua kinywa mbele ya mtoto aliyemzidi kwa kitabu. Hivyo polepole, nyumba kwa nyumba, watu wakazoea kufikiri kwamba mambo ya Mungu ni kazi ya shule, na kazi ya nyumbani ni kumlipia mtoto karo na kumnunulia nguo.

Alikuwako mmishenari mmoja wa Leipzig aliyeiona hatari hii mapema. Jina lake ni Bruno Gutmann, aliyefanya kazi katika Uchaga tangu mwaka 1902 mpaka 1938, ila miaka michache aliyozuiliwa. Yeye alisema kwamba Injili haitasimama katika Uchaga ikiwa itamng'oa mtu katika ukoo wake, jirani zake na marika yake. Alitazama jinsi vijana wa Kichaga walivyofungamana wao kwa wao kwa desturi ya kale, akawafunga vijana wa kipaimara vivyo hivyo, ili kila mmoja awe mlinzi wa mwenziwe. Wengine walimlaumu kwamba aipenda mno desturi ya zamani kuliko mambo mapya. Huenda lawama hiyo ina ukweli. Lakini swali lake lilikuwa swali hili letu: shule ikiondoka, imani itakaa wapi?

Jaribu la kwanza halikukawia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita kando ya milima yetu, yakifuata reli na mto Pangani, na nchi ikabadili mtawala. Mwaka 1920 wamishenari wa Kijerumani karibu wote waliondolewa, wala hawakuruhusiwa kurudi mpaka mwaka 1925. Katikati ya miaka hiyo Walutheri wa Marekani walileta msaada, lakini watu wao walikuwa wachache mno kwa vituo vyote vya Kilimanjaro, Meru na Upare. Msaada uliokuwa ukitoka Ujerumani ulikuwa umekatika. Aliyeitazama kazi hii kutoka mbali angeweza kusema: mgeni ameondoka, na dini yake itaondoka naye.

Haikuondoka. Walimu wa Kiafrika walizishika sharika. Hawakuwa wachungaji, hawakuwa na vyeo, wengi hata majina yao hatuyajui tena. Lakini walikuwa watu wa hapa. Walijua ni nyumba gani ina msiba na ni nyumba gani ina ugomvi wa shamba. Hawakuwa na jengo la kujivunia wala fedha ya kugawa, hivyo iliwabidi kuwategemea watu wa nyumbani. Wamishenari waliporudi walikuta sharika zingali hai. Mwaka 1934 Waafrika wa kwanza wa kazi hii ya kaskazini wakawekewa mikono kuwa wachungaji. Vita ya pili ilipoanza mwaka 1939 na wamishenari wa Kijerumani wakakamatwa tena, Kanisa halikutikisika kama mara ya kwanza. Na mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa Kanisa moja la Tanganyika, lenye wazee wake na katiba yake.

Jaribu la pili lilikuja kwa upole, na kwa sababu hiyo wengi hawakulitambua kuwa ni jaribu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka chini ya Serikali shule za misioni zilizokuwa zikipewa ruzuku. Haifai tuseme kwamba sheria ile ilikuja kuipiga imani vita. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa Mkatoliki asiyeacha kwenda ibadani. Alitaka mtoto wa kila dini, na mtoto wa maskini, apate nafasi sawa katika shule zilizokuwa chache. Hapa Ugweno ukoo mmoja una Wakristo na Waislamu ndani yake. Watoto wa ndugu wawili walipokaa dawati moja bila kuulizwa dini, lilikuwa jambo jema, nasi walimu hatulijutii. Tena kipindi cha dini hakikufutwa.

Lakini hapo jambo lililoingia tangu zamani za Shigatini likaonekana wazi. Shule ilipoacha kuwa mlango wa kanisa, wazazi wengi hawakuichukua kazi ile nyumbani. Walingoja. Walimngoja mwinjilisti, walimngoja mwalimu wa Shule ya Jumapili, waliingoja kipaimara. Kazi iliyokuwa ya kila siku ikawa ya saa moja au mbili kwa juma, na saa hizo zenyewe zikapungua mtoto alipokwenda shule ya bweni, kisha chuoni, kisha mjini kutafuta kazi.

Sasa twawaomba wasomaji watoke nasi milimani kidogo, twende mpaka mji ule uliotuletea Injili, tuone yaliyowapata watu wa huko. Maana watu wetu wengi hudhani kwamba nchi ya Luther haiwezi kukosa Wakristo.

Leipzig ni mji wa kale wa Ujerumani. Luther alihojiana huko na wapinzani wake mwaka 1519, na mwaka 1539 alihubiri katika kanisa la Mtakatifu Thomas. Katika kanisa hilo hilo Johann Sebastian Bach aliongoza uimbaji tangu mwaka 1723 mpaka alipokufa mwaka 1750. Misioni iliyotutuma walimu wa kwanza ilihamia mjini humo mwaka 1848. Kama mji wowote ungeweza kusema, "Mizizi yetu ni mirefu," ni mji huu.

Baada ya vita ya pili sehemu ile ya Ujerumani ilitawaliwa na chama cha kikomunisti. Mwaka 1950 karibu watu 8 kati ya kila 10 katika Ujerumani Mashariki walikuwa wameandikwa katika makanisa ya Kiprotestanti. Serikali haikuyafunga makanisa yote. Ilifanya jambo jingine, lenye akili zaidi. Tangu mwaka 1954 iliandaa sherehe iitwayo Jugendweihe, yaani kuwaweka vijana wakfu, kwa watoto wa umri wa miaka kumi na minne hivi, umri ule ule wa kipaimara. Watoto walifundishwa kwa muda, wakavikwa vizuri, wakatoa ahadi mbele ya wazazi wao, wakapewa kitabu na maua, kisha jamaa wakala karamu. Kila kitu cha kipaimara kilikuwamo, ila Mungu hakuwamo. Mtoto aliyekataa aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo. Mwanzoni makanisa yalisema mtoto hawezi kushika yote mawili. Lakini haikupita miaka kumi kabla walio wengi mno hawajaifuata sherehe ile. Mwaka 1968 Serikali ililipua kwa baruti kanisa la kale la chuo kikuu mjini Leipzig, na vumbi lake lilionekana na wote, lakini twafikiri pigo kubwa lilikuwa limekwisha kupigwa zamani, kimya kimya, katika nyumba ambazo baba na mama walisema, "Afadhali mtoto apate shule."

Hatuwahukumu wazazi wale. Mzazi wa Msangeni aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome aweza kuwaelewa vema. Lakini tazameni mwisho wake. Ilipofika mwaka 1989 Waprotestanti walikuwa wamebaki karibu robo tu ya watu wote wa nchi ile. Na jambo litushangazalo zaidi ni hili: utawala ule ulianguka, uhuru ukarudi, hakuna tena anayemzuia mtu kwenda kanisani, lakini watu hawakurudi. Hata leo watu walio wengi wa Leipzig hawamo katika kanisa lolote, na sherehe ile ya vijana ingali ikifanywa na jamaa nyingi bila ya kulazimishwa. Kwa nini? Kwa sababu baba wa leo alilelewa na baba ambaye hakumfundisha kusali. Hana chuki na Mungu. Hana tu neno la kumwambia mtoto wake. Mlango umefunguliwa, lakini njia ya kuuendea imeota majani.

Hata hivyo wachache waliobaki hawakuwa bure. Tangu mwaka 1982 kikundi kidogo kilikutana kila Jumatatu katika kanisa la Mtakatifu Nikolai mjini Leipzig kuombea amani. Jioni ya tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitembea katika barabara za mji wakiwa na mishumaa, na askari waliokuwa tayari hawakupiga risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Nao Wakristo wa huko na Kanisa letu wangali washirika mpaka leo. Wengine wetu huenda kuhudumu kwao, kama wao walivyokuja kwetu.

Tunajua msomaji atasema: "Huko palikuwa na serikali iliyoshurutisha. Hapa kwetu hakuna ashurutishaye mtu. Viongozi huomba Mungu hadharani, mikutano huanza kwa sala, na Kanisa letu ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani." Ni kweli. Lakini wingi si mizizi. Wale wa 1950 nao walikuwa wengi. Tena kitu chaweza kupotea bila ya mtu yeyote kukikataza. Kwa jambo hili hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano, maana mfano tunao vinywani mwetu.

Tufikiri habari ya Kigweno. Lugha hii ni ya pekee. Iko karibu na Kichaga kuliko Chasu, na wafalme wa Ugweno waliitumia. Je, iko wapi leo? Wazee wengi wangali wakiisema. Watu wa makamo waisikia, wakajibu kwa Chasu au kwa Kiswahili. Na watoto wengi hawaijui kabisa, wasipokuwa na maneno mawili matatu ya kuchekea. Hakuna serikali iliyokikataza Kigweno. Hakuna mwalimu mmoja wala mwaka mmoja tuwezao kuonyesha kwa kidole tukasema, "Hapa ndipo kilipovunjika." Ila mama mmoja alipokuwa mekoni aliona ni rahisi zaidi kumwita mtoto kwa lugha nyingine, na jirani yake vivyo hivyo, na mtoto yule alipokuwa mama hakuwa na Kigweno cha kumpa wa kwake. Lugha haifi sokoni wala shuleni kwanza. Hufa mekoni, siku ambayo wakubwa huacha kuisema na watoto.

Imani nayo ni vivyo hivyo. Jaribu la tatu, ambalo ndilo letu, halina askari wala sheria. Ni maisha ambayo Mungu hatukanwi, ila hatajwi. Mtoto aamka, ashika simu, aenda shule, arudi, ala, ashika simu, alala. Hakuna neno baya lililosemwa siku nzima, wala hakuna neno la Mungu. Akifika mjini hapati jambo jipya. Aendeleza tu siku ile ile aliyoizoea nyumbani. Sisi twasema mji umemwibia imani, kumbe alishuka mlimani mikono mitupu.

Sasa yatupasa kusema ukweli juu ya nafsi zetu, maana si haki mwalimu kuwanyoshea wengine kidole. Siku moja katika Shule ya Jumapili watoto waliulizwa ni nani asaliye pamoja nao nyumbani. Mmoja alikuwa mtoto wetu wenyewe, wa miaka saba. Alifikiri kidogo, akajibu: "Bibi, akija." Sisi tufundishao watoto wa watu kutwa, tuliosomeshwa katika misioni, tujuao Katekisimu kwa moyo, tulikuwa tumeiacha nyumba yetu ingoje mpaka bibi apande kutoka kwake. Jioni tulikuwa na madaftari ya kusahihisha, tena tulikuwa na simu. Jibu lile lilituuma kuliko hotuba yoyote tuliyopata kuisikia, na kwa ajili yake tumeandika habari hizi.

Tulipolifikiri neno la mtoto yule tukakumbuka asili ya kitabu tunachokipokea sote katika darasa la kipaimara. Mwaka 1528 Luther alizungukia sharika za Saxony, akahuzunika kuona watu waliobatizwa wasiojua hata Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata akatoa Katekisimu Ndogo. Na kwa nani? Si kwa wachungaji peke yao. Sehemu zake kubwa zimeandikiwa mkuu wa nyumba, awafundishe jamaa zake kwa maneno mepesi. Kilikuwa kitabu cha mezani. Sisi tumekifanya kitabu cha darasani. Na kabla ya Luther, Musa aliwaagiza Israeli wazazi wanene na watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa njiani, wakilala na wakiondoka. Naye Mtume Paulo, alipowaandikia Wakolosai juu ya kuwa na mizizi katika Kristo, aliwaandikia watu waliokuwa na kanisa ndani ya nyumba, maana jengo jingine hawakuwa nalo.

Wengine husema, "Mimi sikusoma, nitafundisha nini?" Twawajibu: walimu wa mwaka 1920 nao hawakusoma sana kuliko ninyi, na watoto hawahitaji hotuba. Mama asemaye kwa sauti, kabla ya kupakua makande, maneno matano ya kushukuru, amefundisha. Baba akiri mbele ya watoto kwamba alimkosea jirani na kwamba atakwenda kupatana naye, amefundisha zaidi ya vipindi vingi vyetu. Babu na bibi wana hazina ambayo hakuna kitabu kilicho nayo: wajua ni nani wa kwanza katika ukoo aliyebatizwa, ndugu zake walimwambia nini, alipoteza nini na alipata nini. Habari hizo zisizikwe pamoja nao.

Wengine husema, "Watoto wetu hawapo, wako mbali." Basi simu ile tunayoilaumu na ifanye kazi. Mzazi awezaye kupiga simu Dar es Salaam kuomba fedha ya mbolea aweza kupiga Jumamosi jioni kuuliza, "Kesho wasali wapi?" na kuomba pamoja na mwanawe kabla ya kukata. Wadhamini wa ubatizo waliahidi jambo mbele ya usharika; wakumbuke ahadi yao mtoto akiwa na miaka ishirini kama walivyoikumbuka siku ya karamu. Kijana ashukapo mjini na apewe jina la usharika wa huko na la mtu wa kumpokea, kama apewavyo jina la mjomba atakayelala kwake. Na darasa la kipaimara lisifupishwe ili kumpendeza mtu mwenye haraka. Afadhali mzazi aje akae nyuma asikilize, apate kuliendeleza nyumbani.

Tena tusione haya kujifunza kwa jirani. Ndugu zetu Waislamu wa hapa huwapeleka watoto chuoni wangali wadogo, na mwezi wa Ramadhani mtoto huona nyumba yote, wakubwa kwa wadogo, ikiyageuza maisha yake kwa ajili ya Mungu. Mtoto wa namna hiyo akienda mjini ajua amebeba kitu. Wetu naye na ajue.

Mshitu wa kweli wa Mkristo ni nyumba yake. Wazee wa Ugweno walijua kwamba kijana asiyefundishwa na watu wake atafundishwa na watu wengine, nao hawakuthubutu kulala usingizi juu ya jambo hilo. Walimu wa mwaka 1920 walijua hivyo pia, wakaishika kazi bila ya kungoja meli kutoka ng'ambo. Zamu sasa ni yetu. Desemba nyingine yaja, na magari yatapanda tena. Kabla hayajashuka ziko jioni nyingi za kukaa pamoja mekoni, watoto wakubwa na wadogo, babu na bibi wakiwapo. Tusiziache jioni hizo zipite bila ya neno. Sisi katika nyumba yetu tumekwisha kuanza, kwa kigugumizi na kwa haya kidogo. Na mtoto yule wa miaka saba ndiye atukumbushaye kila jioni tunaposahau.